Ukurasa wa Mbeleko

Kila asubuhi, kabla Kitinda hajatoka kwenda kazini, mama yake alikisoma kitabu chake chote, kuanzia jalada hadi jalada. Hakikuwa kinene. Kilikuwa na kurasa chache ngumu, na katika kila ukurasa kulikuwa na kitu kimoja kilichobandikwa au kushonewa, na chini yake hadithi ya kitu hicho, kwa herufi kubwa. Muuguzi wa zahanati ndiye aliyetoa shauri. Alisema mama huyu anasahau watu, lakini mikono yake bado inakumbuka vitu. Basi mtengenezeeni kitabu cha vitu, aguse halafu asome.

Kitinda alikuwa mjalidi wa vitabu, kwa hiyo hakuona taabu. Aliokota makaratasi mazito yaliyokatwa pembeni kazini, akayakunja, akayashona kwa uzi uliopakwa nta, akavalisha jalada la kitambaa cha buluu. Na jina lenyewe la Kitinda lilikuwa la utotoni, mkato wa kitindamimba, likamganda hivyo hivyo mpaka mvi zikaanza kumchungulia kwenye paji la uso.

"Kitufe hiki ni cha koti la mume wangu," mama akasoma, kidole kikitambaa chini ya maneno. "Alikuwa mlinzi wa ghala. Kilikatika siku tuliyogombana kwa sababu ya paa linalovuja. Nikamwambia nitakishona ukiziba paa. Akaziba paa. Mimi nikasahau kitufe." Akacheka hadi mabega yakatikisika. "Masikini! Alitembea kifua wazi mpaka koti likachakaa. Kitinda, baba yako alikuwa mvumilivu."

"Alikuwa mvumilivu, mama."

"Na paa je?"

"Halikuvuja tena."

"Ndiyo maana sikumwacha," mama akasema, akafunua ukurasa.

Hapo palikuwa na kibati chenye namba. Mama alikuwa dobi wa hospitali, akifua mashuka ya wagonjwa, na huko hakuna aliyemwita kwa jina. "Siku ya kuacha kazi walitaka nikirudishe. Sikukirudisha. Mgongo wangu walikuwa nao tayari." Kisha ikaja soksi ndogo ya sufu. Mama aliigusa soksi hiyo kwa ncha ya kidole tu. "Soksi hii ni ya mwanangu wa pili. Ilikuwa kubwa kwake. Nikasema ataikulia. Hakuikulia." Alipofika hapo alifumba macho, midomo ikacheza kwa sala fupi isiyosikika. Kitinda naye alisubiri, japokuwa muda wa kazi ulikuwa unampita.

Ukurasa wa mwisho ulikuwa na kipande cha mbeleko, kitambaa kilichopauka, maua yake yamebaki kivuli.

"Katika kitambaa hiki nilimbeba kitindamimba wangu. Sasa yeye ndiye anayenibeba mimi. Hataniacha kamwe."

Maneno ya kurasa nyingine yalitoka kinywani mwa mama mwenyewe. Kitinda aliyaandika tu. Haya ya mbeleko hayakuwa ya mama. Siku walipofika kwenye kitambaa hicho, mama alikigeuzageuza akauliza, "Tambara hili la nani?" Kitinda alihisi kama amechomwa sindano moyoni. Ndipo akakaa peke yake baada ya sala ya jioni, moyo wake ukiwa laini, akayaandika yeye kwa sauti ya mama. Hakuona ubaya wowote. Tangu siku hiyo kila asubuhi iliishia mahali pamoja.

"Hutaniacha?" mama akauliza, ameshika gauni la Kitinda kwa mikono yote miwili.

"Siwezi kukuacha. Nakwenda kazini, jioni nipo."

"Wamesema hutaniacha kamwe. Imeandikwa."

"Imeandikwa, mama. Niachie basi gauni."

Hakuachia. Ilibidi jirani, mwanamke mnene aliyepata riziki kwa kushona mito, aingie na gunia lake la pamba kama kawaida, amkalie mama ubavuni. Watu wote walimwita Mshona Mito. "Hebu niangalizie pamba hii," akamwambia mama. "Nimeuziwa pamba au nimeuziwa mbegu? Nichambulie, mimi macho yamekufa." Mama akaachia gauni ili achukue pamba. Kitinda akatoka kinyumenyume, viatu mkononi, kama mwizi katika nyumba yake mwenyewe.

*

"Nimekungoja vya kutosha," Meneja alimwambia mbele ya wenzake wote, katikati ya chumba cha kujalidia. "Unakwenda au huendi?"

Kiwanda cha uchapaji kilikuwa kinahamia mji mwingine, mbali. Mitambo yote ingepakiwa mwisho wa mwezi. Hapa lingebaki duka tu la kuuzia madaftari na kalamu. Na Kitinda, aliyeingia kiwandani kama mfagiaji wa vipande vya karatasi, akajifunza kushona vitabu kwa kutazama mikono ya wengine, ndiye aliyechaguliwa kuwa msimamizi wa chumba kizima cha kujalidi huko kupya. Tangu aambiwe, kila alipokunja karatasi alijiona amesimama katika chumba kile asichokijua, karibu na dirisha, akimwelekeza msichana fulani: si hivyo mwanangu, vuta uzi ukielekea kwenye mkunjo. Alikuwa hajawahi kumwelekeza mtu kitu chochote maishani. Jambo hilo alimwomba Mungu kwa haya, kama anayeomba kitu kisicho saizi yake.

"Nilitaka kuuliza, bosi. Naweza kwenda na mama yangu?"

"Bweni la wafanyakazi liko juu ya mitambo. Ngazi zake kama za mnara. Utamlaza wapi, juu ya mashine ya kukatia karatasi?"

Wengine walicheka. Kijana mmoja waliyemwita Kidevu, ambaye kila mtu alijua anakitaka cheo hicho, alicheka zaidi ya wote, kisha akajitia kukohoa.

"Hajui mahali pageni," Kitinda akasema polepole. "Akipelekwa hata hospitali, huzunguka akitafuta mlango."

"Kitinda, kila mtu hapa ana mama. Au alikuwa naye. Una ndugu?"

"Nina kaka."

"Basi kaka naye ni mtoto wa mama yako, au aliokotwa?" Meneja akamgeukia Kidevu. "Wewe jiandae. Huyu asiponipa jibu, utakwenda wewe."

*

Kaka alikuja Jumapili baada ya ibada, na mke wake. Alikuwa muuza vifaa vya ujenzi: saruji, mabati, misumari. Nyumba yake ilikuwa na chumba cha wageni ambacho hakuna mgeni aliyewahi kukilalia. Wifi aliketi kwenye ncha ya kiti, mkoba mapajani, kama mtu aliye kituoni.

"Mama, umeniona?" Kaka akauliza kwa sauti kubwa, kana kwamba mama ni kiziwi.

"Nimekuona. Umenenepa. Ulikuwa mwanangu mkubwa, sasa umekuwa mkubwa kweli."

Mshona Mito, aliyekuwa pembeni akishona, alicheka mpaka sindano ikamdondoka. Wifi hakucheka.

Kitinda alieleza habari zake kwa kifupi. Alikuwa ameyapanga maneno tangu alfajiri, lakini yalipotoka yalionekana machache na maskini. Amepata kazi ya usimamizi. Ni mbali. Anaomba Kaka amchukue mama. Atatuma matumizi kila mwezi. Atakuja kila likizo.

"Si kwamba tunakataa," Wifi akaanza.

"Hakuna aliyesema mnakataa," Mshona Mito akasema chini chini. "Endelea."

"Mimi naongea na wifi yangu, jirani. Si kwamba tunakataa. Ila mama amezoea hapa. Kwetu kuna ngazi, kuna mbwa, kuna watu wanaingia na kutoka wakitafuta misumari."

"Mbwa mnaweza kumfunga," Kitinda akasema.

"Tumfunge mbwa wa ulinzi?"

Kaka alikuwa amekiona kitabu mezani. Akakifungua nyuma, kama wafanyavyo watu wasio na subira, akafika moja kwa moja kwenye mbeleko. Akasoma kwa sauti, na sauti yake ya dukani ikajaza chumba: "Sasa yeye ndiye anayenibeba mimi. Hataniacha kamwe." Akainua uso. "Mwandiko huu wa nani?"

Kitinda alinyoosha kitambaa cha meza.

"Nauliza, mwandiko wa nani?"

"Wangu."

"Aa." Kaka akafunga kitabu kwa utaratibu. "Umeandika mwenyewe kwa mkono wako, tena kwa wino, kwamba hutamwacha. Halafu unatuita hapa tukusaidie kumwacha."

"Hataniacha," mama akasema kwa furaha, akipigapiga jalada. "Imeandikwa."

Kitinda alihisi uso unamwaka moto. Akajikaza. Alishuka kitini akapiga magoti mbele ya kaka yake, jambo ambalo hakulifanya hata walipokuwa watoto, akasema, "Kaka, nakuomba. Sijawahi kukuomba kitu. Nimemtunza miaka yote hii, sikulalamika. Naomba zamu yako."

Wifi aliangalia mkoba wake. Kaka hakuwa mtu mbaya. Hakupenda kuona mtu amepiga magoti, hasa mbele ya jirani. Akajikuna shingo.

"Inuka, bwana. Inuka. Sikiliza: simtoi mama yangu hapa kwa nguvu. Kila asubuhi atanisomea kwamba Kitinda hatamwacha, halafu atakutafuta chumba kwa chumba. Wateja wangu watasema nimeiba bibi wa watu. Kwanza rekebisha kitabu chako. Mama akiridhika mwenyewe, nitakuja na gari nimchukue. Nimesema mbele ya Mungu."

"Mbele yangu pia," Mshona Mito akasema.

*

Kurekebisha kitabu. Kitinda alicheka moyoni kwa uchungu, maana hiyo ndiyo kazi aliyoijua kuliko zote.

Mama alipolala mchana, alikaa na kisu kidogo mkononi. Njia rahisi ilikuwa kuukata ukurasa wa mbeleko na kuutoa. Lakini mjalidi anajua jambo ambalo msomaji halijui: karatasi moja ikikunjwa na kushonwa huwa kurasa pande zote mbili za uzi. Ukiukata mmoja, pacha wake wa upande wa pili hubaki hana kinachomshika, na siku si nyingi hudondoka. Akahesabu mikunjo kwa kidole. Pacha wa ukurasa wa mbeleko ulikuwa ukurasa wa soksi.

Akaweka kisu chini.

Basi ikabidi abandike ukurasa mpya juu ya ule wa zamani. Kwanza alifunga mlango, akapiga magoti kando ya kitanda ambapo mama alikuwa anakoroma kidogo. "Ee Mungu," akasema, "unajua ninachotaka kufanya. Kama ni uongo, uwe juu yangu mimi, usiwe juu yake. Na kama hutaki, nizuie." Alisubiri. Hakuna aliyemzuia. Mama aligeukia ukutani akaendelea kulala.

Lakini mama hakuamini ukurasa usio na kitu. Lazima aguse kwanza. Kitinda aliangalia chumba kizima akitafuta kitu cha kusimulia safari ambayo bado haijawa. Mwisho alitwaa aproni yake ya kazini, akakata kipande penye madoa ya gundi yaliyokauka, akakibandika. Gundi aliichanganya ile nzito, inayoshika vitabu vya shule mpaka watoto washindwe kuvirarua. Chini yake akaandika, kwa herufi kubwa na kwa sauti ya mama:

"Kipande hiki ni cha aproni ya kitindamimba wangu. Amepata kazi kubwa katika mji mwingine. Nilimpa baraka zangu akaenda. Mimi nakaa katika nyumba ya mwanangu mkubwa, ananitunza vizuri. Sina wasiwasi."

Akayasoma tena. Akaona yamekaa vizuri. Akaweka kitabu chini ya tofali kikauke.

*

Kesho yake mama alisoma kama kawaida. Akamcheka mume wake wa kitufe, akajivunia kibati, akaisalia soksi. Kitinda alisimama mlangoni, roho mkononi. Mshona Mito, aliyejua kila kitu, alishika sindano hewani bila kushona.

Mama akagusa kipande cha aproni. Akakinusa. Akasoma polepole, akarudia mara ya pili. Kisha uso wake ukafunguka kama wa mtu aliyeletewa habari ya arusi.

"Kitinda amepata kazi!" akapaza sauti. "Jirani, umesikia? Mwanangu! Yule aliyekuwa anafagia makaratasi! Kazi kubwa, mji mwingine!"

"Nimesikia, mama," Mshona Mito akasema, machozi yakimlenga. "Hongera."

"Na baraka nilimpa. Sikumzuia hata kidogo. Mzazi hamzuii mtoto."

Kitinda hakuamini masikio yake. Miezi yote ile ya kushikwa gauni, na kumbe kilichohitajika ni kipande cha aproni! Akasogea, akapiga magoti, akamshika mama mkono. "Asante, mama. Mungu akubariki. Nilikuwa naogopa kukwambia."

Mama alimtazama kwa upole, jinsi mtu anavyomtazama mgeni aliyekosea mlango.

"Na wewe binti," akauliza, "nani amekuleta?"

Mshona Mito alianza kucheka, akaacha.

"Mama, ni mimi. Kitinda."

"Kitinda yuko mji mwingine." Mama akageuza kitabu kwake, akamwonyesha kwa kidole. "Soma mwenyewe, kama umesoma."

"Ndiyo, lakini bado sijaondoka. Ni mimi, nitazame."

"Una sura njema," mama akasema, akimpapasa shavu. "Unafanana naye kidogo. Mwanangu mkubwa ndiye amekuajiri, sivyo? Yeye ni mtu wa kufikiria. Haya, nenda ukafanye kazi zako. Mimi sina wasiwasi."

Hakumshika gauni. Kwa mara ya kwanza Kitinda alitoka kwa mlango wa mbele, viatu miguuni, bila mtu kumwita. Alipofika barabarani alilazimika kusimama na kushika ukuta.

Alijiambia ni jambo la kupita. Alijiambia hata ni heri: mama ataondoka bila kulia. Kazini alimwambia Meneja, "Nakwenda," na Meneja akasema, "Hatimaye!" akamwandikisha. Kidevu alikunja karatasi siku nzima bila kuinua kichwa. Akampigia Kaka simu: kitabu kimerekebishwa, mama ameridhika, njoo na gari.

*

Kaka alikuja kweli, na gari lake la mizigo lililofagiliwa vumbi la saruji, mto wa Mshona Mito umewekwa kiti cha mbele. Alitimiza ahadi yake, na hilo haliwezi kufichwa.

"Mama, twende," akasema.

"Karibu, mwanangu," mama akajibu, akainuka kumpokea. "Karibu ndani, nyumba ni yako. Nilikuwa nataka nikushukuru kwa kuniweka hapa kwako. Nalala vizuri, nakula vizuri. Na huyu binti uliyemleta anajua kazi. Mlipe vizuri, usije ukampunja."

Kaka akamwangalia Kitinda. Kitinda akaangalia sakafu. Wakati huo ndipo alipolielewa kosa lake lote. Aliandika kana kwamba mambo yamekwisha kutendeka, na mama aliyasoma hivyo. Kitabu kilisema anakaa katika nyumba ya mwanawe mkubwa; yeye alikuwa amekaa hapa; basi hapa ndiyo nyumba ya mwanawe mkubwa.

"Hapa si kwangu, mama," Kaka akasema. "Kwangu ni kule dukani. Ndiyo tunakwenda."

"Usinitanie. Kwani sijui kusoma?"

"Mama, panda gari," Kitinda akasema, akamshika kwapani. "Ni safari fupi tu. Utapaona pazuri."

"Niache! Wewe unanipeleka wapi? Mwanangu, huyu binti ananitoa kwako!" Mama akashika ukingo wa kitanda kwa nguvu ambazo hakuna aliyejua bado anazo. Mashuka mangapi aliyakamua kwa mikono ile! "Mwanangu, niokoe! Ananitoa nyumbani kwako!"

Vichwa vya majirani vilijaa dirishani. Mtoto wa mtu akauliza, "Wanampiga?" Kitinda alivuta mara moja tena, akasikia mfupa mdogo wa bega ukilia chini ya vidole vyake, akaachia.

"Basi!" Kaka akasema. Alijiweka katikati, akamkumbatia mama yake, naye mama akajificha kifuani pake akitetemeka. "Basi, mama. Hakuna anayekutoa. Unakaa hapa hapa kwangu."

"Asante, mwanangu. Mungu akuzidishie."

"Amina."

Nje, kando ya gari, Kitinda alimsihi. "Mchukue hivyo hivyo, Kaka. Atalia siku mbili, atazoea."

"Nimbebe kama mfuko wa saruji? Nilisema mama aridhike. Umeona mwenyewe."

"Ameridhika na nini? Hanijui hata mimi!"

"Lakini hasumbui." Kaka aliufungua mlango wa gari, akautoa mto wa Mshona Mito, akamkabidhi. Uso wake ulikuwa umetulia kama wa mtu aliyetoka kuungama. "Zamani si alikuwa anakushika gauni kila asubuhi? Sasa hashiki. Mshukuru Mungu, dada yangu. Nitakuwa napita. Na usije ukamvuta tena namna ile, watu walikuwa wanaona."

*

Kitinda alijaribu kurudi. Siku moja aliandika katika karatasi ndogo: "Kitinda wangu amerudi nyumbani," akaibandika mwisho wa kitabu kwa gundi kidogo, pamoja na kifungo cha gauni lake. Mama alisoma, akaruka kitini. Akataka aoge, avae gauni la ibada. Kisha akakiweka kiti chake kikielekea mlangoni, akakaa.

"Mama, nimerudi. Nipo hapa," Kitinda akamwambia, amesimama mbele yake.

"Sogea kidogo, binti. Unaniziba."

Chakula hakugusa. "Nitakula naye akifika." Mchana ukapita, jua likahama kutoka mlangoni hadi ukutani, na mama bado ameinua kidevu, akiinuka kila viatu vilipolia nje. Jua lilipozama alikuwa analia bila sauti, kama watoto waliosahaulika shuleni. Kitinda akaibandua ile karatasi. Mama aliposoma tena aliukuta ukurasa wa aproni, akashusha pumzi, akala.

Siku mitambo ilipopakiwa, Kitinda hakwenda kuangalia. Aliisikia. Malori yalipita barabara ya nyuma, moja baada ya jingine, vyombo vikatikisika kabatini. Mojawapo lilimbeba Kidevu, aliyekipata cheo alichokirudisha Kitinda, amekaa juu ya marobota ya karatasi. Mshona Mito alimwona, akaja kusema, kisha akajuta kwamba amesema. Jumatatu Kitinda angeanza kuuza madaftari.

Alikuwa amechuchumaa na beseni, anamwosha mama miguu. Mama alikuwa ameanza sala yake ya jioni, ambayo siku hizi iliongezeka urefu. Alimwombea mume wake mvumilivu. Akamwombea wa soksi. Akamwombea mwanawe mkubwa, anayemweka katika nyumba nzuri. Halafu akaingia kwa Kitinda, na hapo sauti yake ikapanda: ampe Mungu afya huko aliko, ampe macho ya kuona uzi, wale walio chini yake wamheshimu, asiwe na upweke, asimkumbuke mama yake kwa huzuni.

"Amina," Kitinda akasema kila mara, akikausha kidole kimoja kimoja.

Mama akainama. "Nimeomba nimemaliza watu wangu. Wewe binti, umekaa hapo siku zote unaitikia tu. Nikuombee nini?"

Kitinda alishikilia taulo. Yalimjia mengi kwa pamoja.

"Niombee nifike nyumbani, mama."

"Kwenu ni mbali?"

"Ni mbali."

"Mama yako yupo?"

"Yupo."

"Basi atakuwa anakungoja." Mama alimwekea mkono kichwani, ule mkono mzito wa dobi, akafumba macho. "Ee Mungu, huyu ni mtoto wa watu. Ametunyenyekea, hajatuibia, hajatujibu vibaya. Mfungulie njia. Mfikishe kwa mama yake salama, na mama yake amtambue kwa mbali kabla hajapiga hodi."

"Amina," akasema Kitinda.

Akainua beseni, akatoka nje akamwaga maji. Barabara ya nyuma ilikuwa tupu, vumbi la malori bado halijatua. Alisimama kidogo. Kisha akarudi ndani, akafunga mlango.